Ndama wa Tumbo Angavu

Mkamwana alikuwa anamfuta ndama mkia kwa kitambaa cha maji moto, maana ndama alikuwa anaharisha tangu juzi, alipogundua kwamba tumbo lake linaonyesha hadi ndani kama kioo cha dirisha. Maziwa aliyonyonya alfajiri yalikuwa yameganda mabonge, na kila bonge lilikuwa na ukungu wa kijani.

Alimwita mama mkwe. Mama mkwe alichungulia, akasema ndama wa siku hizi wana ngozi nyepesi, akaagiza daktari wa mifugo aitwe.

Daktari alichuchumaa, akatazama, hata mkoba hakuufungua. Aliuliza mama wa ndama analishwa nini. Akaonyeshwa pumba zilizolowa stoo tangu paa lianze kuvuja. Mama mkwe alikuwa amekataa zitupwe.

"Ndama hana kosa," daktari alisema. "Anachokula mama ndicho anachonyonya mtoto."

Aliagiza pumba zifukiwe, ng'ombe apewe nyasi kavu na maji safi, na chakula kibadilishwe polepole, tumbo lisishtuke. Mama mkwe alisimamia mwenyewe. Kinyesi cha ndama kikashikana, na ngozi yake ikajifunga kuanzia mbavuni, taratibu, kama pazia.

Wiki hiyohiyo mkamwana alikuwa anamwogesha mwanawe kwenye beseni. Mtoto alikuwa hapati usingizi kwa kuumwa tumbo, na sasa tumbo lenyewe lilikuwa angavu. Ndani mlikuwa na maziwa mepesi kama maji ya kusuuzia sufuria, na vipande vya ukoko vikielea. Mkamwana alivitambua. Katika nyumba ile yeye alikula wa mwisho, wengine wakishashiba.

Mumewe aliporudi kutoka kazini alimwinua mtoto kwenye mwanga, akasema figo amechukua za babu yake. Kisha akaenda mezani.

Mkamwana alimfuata mama mkwe jikoni.

"Mama, daktari alisema anachokula mama..."

"Alikuwa anazungumzia ng'ombe," mama mkwe alijibu, akiendelea kupakua.

Hata hivyo mjukuu ni mjukuu. Mama mkwe alinunua uzi mzito wa sufu, akamfumia mtoto sweta refu la kufika magotini, lisilopitisha mwanga. Majirani waliokuja kumwona walilisifia sana. Mkamwana aliwashukuru, akawasindikiza hadi mlangoni, akarudi jikoni kukwangua sufuria.