Mwiba Wenye Panda

Hajira hakuwa mtu wa kuvunja vitu. Katika maabara ya sekondari ile ya Korogwe alikuwa anaosha chupa tangu bendera ya Uhuru ipandishwe, na hata moja haikuwahi kumponyoka. Ndiyo maana Mwalimu Bernardo alimwachia radiolaria wake awatunze, na Bernardo kwa vidudu vile alikuwa bahili kupindukia.

Radiolaria ni viumbe wa baharini, wadogo hata punje ya mchanga kwao ni jabali, na mifupa yao ni ya kioo. Meli ya utafiti iliyopita Tanga ilimwachia Bernardo debe la tope la sakafu ya bahari, naye kwa miaka akawa anawapanga wa familia moja tu: wale wenye matufe yaliyo moja ndani ya jingine na miiba inayochomoza nje. Huyu jenasi hii, yule jenasi ile. Mwishowe akampata mmoja ambaye mwiba wake uligawanyika panda nchani. Katika debe zima, mmoja tu. Spishi mpya! Akampima, akamchora, akaandika maelezo, na sasa kipande cha kioo alichogandishwa juu yake kilikuwa kiende kwenye makumbusho ya Ulaya kikae huko daima.

"Mtu akinibishia," Bernardo alimwambia Hajira, "atafunguliwa kabati achungulie kioo hiki. Akikuta sivyo nilivyosema, basi mimi ni mwongo wa dunia nzima."

Wiki ile ile Hajira alikuwa ametoka Mazingara, ambako mama yake alihamishiwa kijiji cha ujamaa. Alishinda huko akibeba miti na kukandika kuta, akarudi viganja vimechubuka. Akatamani amwone huyo wa panda kabla hajafungashwa kwa safari. Akaweka kioo kwenye hadubini, akazungusha skrubu kuteremsha lenzi huku jicho likiwa limeganda kwenye tundu la kuchungulia, halioni lenzi inapofika, kosa ambalo mwanafunzi wa kidato cha kwanza hukatazwa siku ya kwanza. Vidole vikamsaliti. Kukasikika mlio kama wa ganda la yai lililokanyagwa; kioo na kidudu chake vilikuwa vimepondeka.

Angemwita Bernardo pale pale, mambo yangeisha kwa kilio. Hakumwita. Alipekua vioo vingine, akachagua mwenzake wa tope lile lile, ambaye mwiba wake ulivunjika ncha ukabaki na meno mawili. Kwa jicho la haraka, panda. Akamhamishia lebo ya yule wa kwanza. Bernardo alikwisha kumchora wa kwake, hakuwa na haja ya kumtazama tena.

Sasa, Bernardo alikuwa Mnyamwezi, mtoto wa mkata mkonge aliyeletwa mashamba ya Mazinde, na Hajira alikuwa Mzigua wa Handeni. Kwa hiyo walikuwa watani. Mbele ya wanafunzi ilikuwa shikamoo Mwalimu, marahaba. Mlango ukifungwa, wewe mtumwa wangu, ukifa nitakuzika na gunia la katani! Na utani mtamu kuliko wote ulikuwa ule wa vidudu. Leo Hajira amewaunga kwenye kisamvu, kesho amewafagia nje kuku wakala. Bernardo hucheka mpaka avue miwani apanguse macho.

Siku ya kusafirisha kifurushi walikwenda stesheni pamoja. Hajira aliapa moyoni kwamba hakitapanda treni kabla hajasema.

"Mnyamwezi," alianza, "yule mtu wako nimempondaponda. Aliyemo humo ni mwingine, mwiba wake umevunjika tu."

Angeweza kusema "Mwalimu." Neno moja hilo, na Bernardo angesimama asikilize. Alilijua hilo kabla hajafungua kinywa, na bado alichagua "Mnyamwezi."

Bernardo alicheka abiria wakageuka. "Leo umetia fora, Mzigua! Mpaka mwiba umeuvunja! Basi na mimi nakulipiza. Nimempa jina lako. Huko Ulaya wataitana Hajira, Hajira, na hawatajua kama unanuka moshi wa Handeni."

Akamkabidhi karani kifurushi. Hajira naye akacheka, na hajawahi kujichukia kama alivyojichukia kwa kicheko kile. Treni ikaondoka kwenda Tanga.

Baada ya hapo utani ulimkauka. Asubuhi ilikuwa shikamoo Mwalimu, jioni kwaheri Mwalimu, katikati sauti ya maji na chupa. Bernardo alimchokoza kwa gunia, kwa sanda, kwa kisamvu, akajibiwa ndiyo Mwalimu. Mpaka siku moja akamfuata kwenye beseni, miwani mkononi, uso hauna mzaha wowote.

"Hajira, dada yangu," alisema, "nadhani lile jina limekuudhi. Kama nimekukosea, nisamehe sana."