Mwenye Jina Asimame Hapa

Kama kuna jambo ambalo Hajra hakuweza kumsamehe mumewe, ni kufa kabla ya mkaguzi kuja. Hamidu alikuwa mtu wa kuchelewa. Alichelewa kazini kwenye mashamba ya chumvi, alichelewa swala ya alfajiri, na hata siku ya harusi yake mwenyewe wali ulipoa watu wakimngoja bwana harusi aliyekwenda kuazima kanzu. Safari moja tu ndiyo aliyowahi, na ni ile ambayo hakuna aliyemhimiza.

Nyumba yao iko Mlingotini, upande wa mikoko, mahali ambapo nguzo za umeme hazikufika. Ziliishia msikitini. Kila mwaka wakaambiwa subirini, zinakuja, nao wakasubiri mpaka wakazoea. Ndipo alipotokea Najim, wakala wa kampuni moja ya sola, kijana mwenye maneno matamu kuliko haluwa. Habari yake ilikuwa kwamba kuna mradi unaotoa ruzuku. Mwenye nyumba alipe robo ya bei, robo tatu zitalipwa na mradi, na paneli zitakuja na betri zake na friza ya kugandishia. Hamidu alikosa usingizi kwa furaha. Wachuuzi wa samaki wa pale walikuwa wakifuata barafu Bagamoyo mjini, na nyingine ikiyeyukia njiani. Mtu mwenye friza Mlingotini ana riziki ndani ya nyumba yake. Akauza baiskeli na mbuzi, akatoa robo yake.

Sharti lilikuwa moja. Robo tatu za mradi hazitoki mpaka mkaguzi aje aone paneli juu ya bati, friza inagandisha, na yule aliyeandikishwa jina amesimama hapo kwa miguu yake mwenyewe. Asipoonekana, ruzuku inaanguka na kampuni inachukua vitu vyake. Msione ni ukatili. Huko nyuma wajanja walikwisha kuandikisha majina ya watu wasiokuwepo, wakaandikisha hata waliokwisha zikwa, na ruzuku ikaliwa. Kwa hiyo watu wa mradi walikuwa wakiwaogopa sana maiti. Hawakufikiria kwamba mtu anaweza kujiandikisha akiwa mzima wa afya, halafu akafa kwa wakati wake.

Paneli zilifungwa. Friza ikaanza kunguruma ukumbini, na barafu ya kwanza Hamidu aliishika kiganjani akicheka mpaka ikaisha. Wiki ya pili presha ilimwangusha kwenye chumvi, koleo mkononi. Walipomfikisha hospitali alikuwa amekwisha kwenda zake.

Hajra akaingia eda. Akavuliwa hereni na bangili, akafutwa wanja, akajitanda shuka jeupe, akakaa kizuka chumbani kwake nyuma ya pazia. Shangazi wa marehemu, Bi. Mwanaharusi, ndiye aliyekuja kukaa naye, kumpikia na kumzuia asijisahau, kwa sababu kizuka haonani na wanaume wa kando wala hatoki nje mpaka eda yake imalizike. Hajra hakuhitaji kuzuiwa. Miguu yenyewe ilikuwa haina pa kwenda.

Hakuwa na mtoto. Nyumba ile Hamidu aliirithi pamoja na mdogo wake, Bwanausi, anayelima huko Zinga na ana watoto wa kujaza darasa. Bwanausi si mtu mbaya, na mtu akikwambia ni mbaya usimsikilize. Baada ya matanga alikuja akakaa ukumbini, akasema kupitia pazia:

"Shemeji, nyumba hii ikiweza kukulisha, kaa mpaka Mungu atakapokuita. Sitakugusa. Lakini isipoweza, mimi sina nguvu ya kulisha nyumba mbili. Itabidi tuiuze, kila mmoja ashike fungu lake, nawe urudi kwa kaka zako Mkange."

"Nimekusikia, shemeji," alijibu Hajra.

Mkange alitoka akiwa msichana. Kaka zake wameoa wanawake ambao majina yao huyachanganya. Huko angekuwa mgeni wa kila siku, wa kulala kwenye mkeka wa kukunjwa asubuhi. Hapa palikuwa na alama ya kisogo cha Hamidu ukutani, pale alipokuwa akiegemea akinywa chai. Friza ikibaki, naye anabaki. Friza ikiondoka, anaondoka. Mambo yalikuwa mepesi hivyo, na mazito hivyo.

Najim alifika Jumatatu, amenywea, akamkuta na Bwanausi ukumbini. Alivua viatu, akatoa pole, kisha akasema mkaguzi anakuja Alhamisi.

"Si mumwambie tu kwamba mwenyewe amefariki?" aliuliza Bi. Mwanaharusi. "Jina liandikwe la mkewe."

"Bibi, nimeuliza. Awamu hii imefungwa, jina halibadilishwi. Labda awamu nyingine, na hiyo nyingine hakuna anayejua itakuja lini. Mwenye jina lazima asimame. Wakimkosa, mimi ndiye nitakayetumwa kuja kufungua paneli."

Kisha Bi. Mwanaharusi, ambaye hajakosa swala hata siku moja maishani mwake, akamgeukia Bwanausi na kumtazama taratibu, kichwa mpaka miguu. Bwanausi na Hamidu walipishana kidogo tu kuzaliwa. Uso ule ule, mabega yale yale ya kushuka, na sauti moja. Walipokuwa wadogo mama yao mwenyewe alikuwa akimchapa huyu kwa kosa la yule.

"Kufa kufaana," alisema Bi. Mwanaharusi. "Haki ni ya Hamidu, robo yake katoa. Hatuibi kitu cha mtu."

Bwanausi alisema hataki. Kisha akasema atafanya kwa ajili ya shemeji yake. Mkaguzi atasimama ukumbini, atamwona mwanamume mwenye sura ya kwenye picha ya kujiandikisha, ataambiwa mama yumo ndani, hajambo, na kwa kuwa mwanamume wa watu hapiti pazia la chumbani, mambo yatakwishia hapo. Walipanga kila kitu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mkaguzi mwenyewe ni nani.

Hajra hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia, na hilo ndilo lililokuja kumtesa.

Arobaini ilikuwa iangukie wiki ile ile. Wazee walikubaliana hitima isogezwe mbele, mkaguzi asije akakuta majamvi na watu wamejaa uani. Majirani wakaonywa wasiseme "marehemu". Dukani, msikitini, kisimani, Hamidu akawa Hamidu tu, kama mtu aliyetoka kidogo. Jumatano Bi. Mwanaharusi alimwambia Hajra, kwa upole kabisa, "Kesho, mwanangu, jikaze. Usilie." Hajra akakubali kwa kichwa. Alikuwa amenyang'anywa mume, sasa akaombwa na machozi yake ayaweke kando siku moja, naye akayaweka.

Alhamisi gari jeupe lilisimama mbele ya nyumba. Hajra alikaa kitandani amejikunyata, akasikia hodi, akasikia viti vikisogezwa, kisha swali, "Bwana Hamidu ni nani hapa?"

"Ndimi," ilijibu sauti ya Hamidu.

Hajra alijua ni Bwanausi. Alijua kama anavyojua jina lake, lakini mwili haukujua. Mwili uliinuka, mguu ukatafuta kiatu chini ya kitanda, kwa sababu mume amerudi na chai bado haijawekwa. Akajishika ukingo wa kitanda, akarudi kukaa taratibu. Kule ukumbini Bwanausi alikuwa akieleza friza inavyogandisha, anacheka kile kicheko chao cha puani, na Hajra akaziba masikio kwa shuka. Halikuziba kitu. Ndipo alipotambua kwamba sauti iliyouliza swali lile ilikuwa ya mwanamke.

"Na mama mwenye nyumba yuko wapi? Lazima nimsikie na yeye."

"Yumo ndani, hajambo," alisema Bwanausi haraka. "Anapumzika."

"Basi nitamsalimia huko huko. Sisi wanawake."

Nani angemzuia? Pazia likainuliwa, akaingia mwanamke wa miaka thelathini hivi, amejifunga mtandio, simu mkononi. Kwa lafudhi alikuwa mtu wa Tanga. "Shikamoo, mama. Naitwa Mina," alisema, na maneno yaliyofuata hayakutoka. Alikuwa amekwisha kuona. Shuka jeupe, masikio matupu, macho bila wanja, chumba kisicho na harufu ya udi wala mafuta. Mtoto wa pwani haambiwi kizuka ni nini. Na kizuka anamkalia mtu mmoja tu duniani.

"Marahaba, mwanangu," alisema Hajra.

Mina akaketi ukingoni mwa kitanda. Nje Bwanausi alikuwa bado anacheka na Najim, kicheko cha mtu anayetetemeka. Mina aliizima simu, akaiweka mapajani, akazungumza chini chini.

"Mama, mimi nimetumwa kuuliza maswali mawili. Sikutumwa kutazama nguo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Nikijibiwa, nitaandika nilivyojibiwa. Nisipojibiwa, nitaandika hivyo. Mumeo, Hamidu, yuko hai?"

Hajra alitazama mikono yake. Angeweza kunyamaza, na kunyamaza kungekuwa ukweli. Aliiona Mkange, mkeka uliokunjwa, wake wa kaka zake wakinong'ona jikoni. Aliuona ukuta. Akamwomba Hamidu radhi kimoyomoyo, kwa haraka, kama mtu anayemkanyaga mwenzake kwenye umati.

"Yuko hai," alisema.

"Na yule aliyeko ukumbini ndiye?"

Swali hili lilikuwa gumu kuliko la kwanza. Lile lilimfufua Hamidu, hili lilimweka mwanamume mwingine mahali pake, na yeye Hajra amevaa shuka la eda.

"Ndiye. Ndiye mume wangu."

Mina akaiwasha simu, akaandika. Kisha akamshika goti, akasimama, na pale mlangoni akageuka. "Mungu akupe subira, mama," alisema, neno asiloambiwa mwanamke ambaye mumewe anacheka ukumbini. Akatoka, akampiga picha Bwanausi amesimama kando ya friza, na gari likaondoka.

"Shemeji!" Bwanausi aliita kupitia pazia, sauti imejaa nuru. "Shemeji, imepita! Utakaa nyumba hii mpaka uzeeke!"

Hajra alimshukuru, kwa sababu alistahili kushukuriwa. Halafu akasema, "Nakuomba kitu kimoja. Usizungumze tena leo." Bwanausi alifikiri amechoka. Alibana pumzi, akatoka kwa kunyata, akarudi kwake Zinga bila hata kunywa maji.

Ruzuku ikatoka. Friza haikuguswa na mtu. Bi. Mwanaharusi akawa anauza barafu kwa niaba yake, wachuuzi wakipanga foleni asubuhi na ndoo zao, na nyumba ikaanza kujilisha kama ilivyoahidiwa. Hitima ikasomwa baadaye, kwa sauti ya chini, ndani, milango imefungwa, kwa hofu ya watu wa mradi. Wakati wa kumtaja anayesomewa, mwalimu aliyeongoza kisomo alisita, akalipitisha jina la Hamidu haraka haraka katikati ya majina ya babu zake. Hajra alisikia yote kutoka chumbani. Alitaka kulia, chozi likakataa. Tangu Alhamisi ile lilikuwa likikataa, kana kwamba nalo limeambiwa hakuna aliyekufa.

Miezi ikaenda, siku za eda zikatimia. Wanawake wa mtaani wakaja asubuhi kumtoa kizuka, wakiwa na doti mpya ya kanga, hina iliyokwisha kukandwa, na udi. Maji yenye mwarubaini na asumini yalikuwa tayari kwenye beseni. Walikuwa wakitaniana mlangoni, kwamba Hajra bado hajachujuka, kwamba kuna mzee mmoja wa Kaole tayari anaulizia. Ndio utani wa siku hiyo, haumkosei mtu.

Bi. Mwanaharusi akaingia, akamkuta amekaa pale pale, shuka limebana kichwa.

"Inuka, mwanangu. Umemkalia vizuri. Hesabu imetimia."

"Yenu imetimia, shangazi," alisema Hajra. "Mmehesabu tangu siku mliyomzika."

"Na wewe umehesabu tangu lini?"

"Tangu Alhamisi ile. Niliulizwa, nikasema yuko hai. Nimesema kwa kinywa changu, na Mungu anasikia. Mtu akiwa hai hakaliwi eda. Siku zote za kabla ya hapo zimekwenda bure. Nimezifuta mwenyewe."

"Eda haina hesabu mbili, Hajra. Sheria inajua alikufa lini."

"Sheria inajua. Mimi ndiye niliyemkana." Na hapo, mbele ya wanawake waliokuwa wameshika hina na kanga, machozi yakaja, yale yaliyozuiwa na yale yaliyokataa, kwa sauti ya mwanamke anayeletewa habari sasa hivi. "Nimefiwa, shangazi. Hamidu wangu amekufa."

Kule nje mchuuzi aligonga, akaulizia barafu. Hakuna aliyemwitikia. Bi. Mwanaharusi alishusha pazia, akaketi chini karibu naye, akamshika mkono, akaanza kumpa pole kama mtu aliyefika msibani siku ya kwanza.