Saa za Usiku za Habakuki

Aliyekufa hawezi kujitetea, na wenye midomo hulijua hilo sana. Mwalimu Habakuki wa Dindira, milimani kwa Washambaa, hakuwa ametimiza hata mwaka kaburini, na huko Handeni watu walishapata la kusema: programu yake ya simu, ile ya kuwaambia wakulima kama mahindi yamekauka au bado, ndiyo iliyoingiza sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, ghalani. Magunia arobaini yalifukiwa. Sasa mavuno mapya yako juu ya maturubai, na kikundi cha wakulima cha Bi Mwantumu hakitaki hata kuisikia.

Ndipo mjane wake, Mama Lea, aliposhuka Korogwe kumtafuta Shamsia, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa marehemu.

"Kompyuta yake iliibwa wiki ile ya msiba," alisema. "Alichokiandika hakipo, kimebaki hiki cha kwenye simu. Nisomee, mwanangu. Kama alikosea, nijue. Kama hakukosea, wanyamaze."

Kusoma kwenyewe ndiko kazi. Programu ikishapita kwenye kompaila, yaani kitafsiri chake, hugeuka faili la WebAssembly, mlolongo wa namba ambazo mashine huzielewa na binadamu hazimwambii kitu. Shamsia alikuwa akijenga kompaila yake mwenyewe, na ndani yake kulikuwa na kipande cha kurudisha namba hizo ziwe maandishi. Alikianza akakiacha, kwa uvivu, tuseme ukweli. Sasa alikirudia kwa hofu, maana Habakuki ndiye aliyemfundisha kuandika programu, na yeye ndiye anayekwenda kumfunua.

Siku ya kwanza maandishi yalitoka vurugu tupu. Katika mafaili haya namba hurundikwa kama sahani, ya juu ndiyo huchukuliwa kwanza. Kipande chake kilikuwa kikichukua ya chini. Alipokirekebisha, mistari ikaanza kusomeka: chukua, jumlisha, linganisha. Majina aliyoyaweka mwalimu yalikuwa yamefutika yote, hivyo ilimbidi kubahatisha kila namba ni ya nini. Siku ya tatu mchana akafika mahali panaposema: chukua siku alizoanika mkulima, zidisha kwa ishirini na nne.

Kosa ndilo hilo. Mwalimu alihesabu saa zote, mchana na usiku, kuwa ni za kukausha.

Angeweza kuibadili namba ile kimyakimya na kusema simu za watu ndizo mbovu. Nani angejua? Lakini alimwita Mama Lea, akamwonyesha mstari wenyewe na kumweleza maana yake.

Mama yule aliutazama, akacheka huku machozi yakimtoka. "Kwetu Dindira mahindi tunayaweka darini, juu ya jiko. Moto hauzimiki, moshi unayakausha usiku kucha. Amekulia chini ya dari hilo. Hakujua kama kuna mahindi yanalala bila moto!"

"Handeni wanayafunika jioni, mama. Usiku hayakauki."

"Basi hakuwa mzembe."

"Hakuwa. Ila alikosea."

"Haya. Tutakwenda kusema wenyewe."

Shamsia akaweka saa tisa za jua mahali pa ishirini na nne, akaipitisha programu kwenye kompaila, na Jumamosi wakapanda basi la Handeni. Bi Mwantumu aliwapa viti, lakini uso hakuwapa.

"Shikamoo, bibi," alisema Shamsia.

"Marahaba."

Mama Lea hakuzunguka. "Mume wangu alikosea. Alidhani kila mtu anakausha darini, juu ya moto wa usiku kucha, kama kwetu Dindira. Nimekuja na dawa yake."

Mahindi ya Bi Mwantumu yalikuwa na siku sita juani. Programu ya zamani ilisema: weka ghalani. Mpya ikasema: anika siku mbili zaidi. Bi Mwantumu hakuamini hata moja. Alitia punje na chumvi kavu kwenye chupa, akatikisa, wakangoja. Chumvi iliganda kwenye kioo. Mahindi yalikuwa bado mabichi.

Mama Lea alikuwa ameshika ukingo wa kiti kwa mikono miwili.

"Kumbe mumeo alitudhani Washambaa wote!" alisema Bi Mwantumu, na wanawake wakaangua kicheko. Kisha akamshika Mama Lea mkono. "Sasa amejua kuanika Kizigua, kama sisi. Mwacheni afanye kazi."

Akageukia wenzake. "Haya, nani anafuata kumuuliza mwalimu?"