Marehemu wa Geti Jeusi

...na huyu naye amefumba macho, Mungu wangu, mwenyekiti wa mtaa amefumba macho kabisa katikati ya sebule ya watu, mikono ameikunja tumboni, na wenzake wameinamisha vichwa kama walioambiwa watafute sindano kwenye zulia, tusimame dakika moja tumkumbuke marehemu, amesema, wakasimama, na yeye mwenye nyumba akasimama nao, angefanyaje, utakaaje kitako watu wamemsimamia mume wako, ila marehemu mwenyewe hajafa, hajafa hata kidogo, jana tu alipiga simu kuulizia chaja ya mashine yake ya kunyolea ndevu, yuko upande wa pili wa jiji kwa mwanamke mwingine, anakula, anashiba, anakoroma, na hapa kuna shada la maua limeegemezwa kwenye televisheni, lina utepe wa zambarau, Familia ya Geti Jeusi, Poleni, kwa sababu hata jina lao hawalijui, miaka yote hii ukuta kwa ukuta na hawalijui, geti ndilo lenye jina, lao jeusi, la daktari wa meno la kijani, la yule mama mwenye mbwa watatu halina rangi ila linabweka... na alitaka kuwaambia, Mungu shahidi, alipofungua mlango alisema jamani, akaishia kwenye jamani, akavutwa kifuani na huyo Mama Mbwa Watatu, usiseme kitu, dada, lia tu, na marashi yakamwingia puani akapiga chafya, wakaambizana, masikini, analia, akajaribu tena kwa daktari wa meno, mume wangu ha..., daktari akamshika mabega, akamwambia kwa sauti ile ile anayowaambia watu wapanue mdomo, tunajua, mama, tunajua, kazi ya Mungu haina makosa, ya Mungu haina, sawa, lakini ya kamati ya mtaa je?

Na walimuua vipi? Walimuulia dirishani. Huku watu wanajuana kwa pazia, unalifunua kwa kidole kimoja, unatazama, unafunga, habari umeshaipata na hakuna aliyekuona, basi wiki iliyopita likaja lori, wifi yake ndiye aliyekuja nalo, dada wa bwana, akatoa meza ya kaka yake, kiti cha kaka yake, suti za kaka yake zikiwa bado kwenye hanga, na wifi, maskini ya Mungu, akamkumbatia pale getini akalia kwa sauti, mimi na wewe hatuachani wifi yangu, hata huyo mpumbavu akienda zake, lakini nani alisikia maneno, kioo kimefungwa, waliona nguo za mwanamume zinatolewa na wanawake wawili wanalia, wakajumlisha, wakapata maiti. Wangeuliza! Hatua chache tu kutoka geti la kijani mpaka jeusi, mtu aje aseme jirani, kulikoni, lakini kuuliza huku ni ushamba, huu ndio mtaa wenyewe, kuta ndefu, juu ya kuta waya wa umeme, juu ya waya maua ili waya usionekane, salamu ni honi, jioni wanatembea kupunguza matumbo masikio yamezibwa na muziki, ukimwambia mtu habari za jioni anashtuka kama umemwomba figo, na wote hawa, wote, walitoka mitaa ya kelele walikogombania bomba la maji na kujua jirani kaunguza nini jikoni, wakapata vyeo, wakaja huku kununua kimya, sasa kimya wamekipata mpaka wanakuletea nyumbani kwa dakika...

"Bado?" ananong'ona yule wanayemwita Bwana Jenereta, na mkewe anamfinya, "Shh, wewe."

Bado, ndiyo, mwenyekiti saa yake iko mkononi na macho kayafumba, ataionaje, tutasimama hapa mpaka marehemu azeeke... na asijifanye, yeye mwenyewe si alikishukuru kimya hicho? Kule kwao angeachwa asubuhi, mchana jikoni kungekuwa na wanawake wanane, mmoja anamenya viazi, mmoja anamlaani mwanamume ukoo mzima, mmoja anasema mimi nilimjua tangu harusini yule macho juu juu, angeona aibu, angechoka nao, lakini angelia, huku aliachwa kimya kimya, akajipaka wanja akaenda kazini, mlinzi akiuliza baba yuko wapi, yuko semina, muuza mboga akiuliza, semina, semina gani hiyo isiyokwisha, hata chozi hajalitoa, atalilia wapi na kuta zina mapazia, wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, hawakusema kifo kikikosea nyumba itakuwaje.

Nyamaza basi. Wazo linamjia polepole, na ni tamu, hawezi kusema si tamu, nyamaza tu, wameshamuua wao, mikono yako misafi, ukinyamaza wewe ni mjane, mjane anapishwa, mjane anashikwa mkono, anaambiwa jikaze, lakini mwanamke aliyeachwa anatazamwa juu mpaka chini watu watafute kasoro iko wapi, ni mwili, ni mdomo, ni mapishi, nani amewahi kuleta shada la maua kwa aliyeachwa, wapi, hata utepe wake sijui wangeandika nini... nyamaza, vaa nguo nyeusi, Jumapili chache tu, halafu...

Simu inatetemeka kiganjani mwake. Vichwa vinacheza, havinyanyuki. Anaigeuza kidogo, watadhani anafuta machozi, na ni yeye, ni marehemu, ameandika: *Nimeona kwenye kundi la mtaa wanatoa pole. Usiwakatalie. Waache tu hivyo hivyo, ni heshima kwetu sote.*

Anasoma tena. Kwetu sote. Ameona, kumbe, amekaa kwenye kochi la watu anasoma pole zake moja moja, pumzika kwa amani jirani mwema, alikuwa mtu wa watu, yeye huyo aliyewahi kuwatukana wote kwa sababu ya mbwa, na hakuandika jamani niko hai, hapana, amekipenda kifo chake, kinamfaa, mwanamume anaondoka na begi, na nyuma yake anaachiwa sifa, na mke abaki kumzika, atunge ugonjwa, atunge kaburi, ainamishe macho kila asubuhi mbele ya mlinzi, amtunzie jina... heshima! Na kifua kinampanda, kwanza anadhani ni kicheko, kweli kinaanza kama kicheko, halafu kinavunjika, na ni kilio, chenyewe, kile cha siku zote hizo, kinamtoka mbele ya geti la kijani na mbwa watatu na jenereta, kamasi na yote, na mkono wa mtu, hajui wa nani, unamgusa mgongoni na unabaki pale, mzito, wa moto, hausemi kitu, na anagundua kwamba haoni aibu, anaitafuta aibu kule alikoizoea na haipo, ilikuwa ya yule bwana tangu mwanzo, yeye alikuwa anambebea tu.

Mwenyekiti bado amefumba macho. Mtu anakohoa, mwingine anahamisha uzito mguu wa kulia kwenda wa kushoto, shada limeteleza kidogo limeziba nusu ya televisheni, na yeye anasubiri, hana haraka, sentensi iko tayari mdomoni na haimuunguzi, hajafa, ameniacha, ni maneno mawili tu, wataduwaa, watatazamana, Bwana Jenereta atatafuta funguo za gari mfukoni, na kabla hawajaukimbilia mlango atawaambia kaeni, msiondoke, chai iko motoni, pole zenu nazitaka zote, msiba upo, ila maiti ndiye hayupo.