Tangu Lini Huonji

Barafu iligonga kingo za glasi taratibu, nami nilikuwa nakoroga bila kujua ninakoroga nini.

Ilikuwa saa tisa alasiri, mtaa wa Pasiansi, kwenye hoteli ya kando ya ziwa ambayo nilikuwa nimesimama nyuma ya kaunta yake kwa miaka kumi na moja. Mzee Byabato, mteja wetu wa kila Jumamosi, alikuwa ameagiza kinywaji chake kilekile: tekila na ile pombe chungu ya mitishamba, vikorogwe kwa kijiko kirefu hadi glasi itoe jasho. Kisitikiswe kabisa. Zamani ningeonja tone moja mgongoni mwa mkono. Lakini tangu homa ya mwezi wa pili, ulimi wangu ulikuwa ubao. Chumvi, ndimu, pilipili, vyote maji. Sikumwambia mtu. Nilipima kwa macho na kwa mazoea, na macho nayo yalikuwa yamechoka.

Alikunywa polepole mpaka mwisho, akiangalia ziwa. Kisha akaniita.

"Leonsia, tangu lini huonji?"

Nilitaka kukana. Miguu iliniuma, nikakaa, jambo ambalo halikuruhusiwa mbele ya mteja. Nikamwambia miezi minne. Akasema nilikuwa nimemimina ile chungu mara mbili na tekila nusu. Nikamuuliza mbona amemaliza.

Alinisimulia kwamba zamani alikuwa mwonja kahawa kule Bukoba, kazi ya kuvuta funda moja na kusema mzigo huu ni wa daraja gani. Mwaka mmoja mafua makali yalimpora ulimi. Alikuwa na watoto shuleni, akanyamaza. Msimu mzima alitaja madaraja kwa kubahatisha, na wakulima wamekaa nje kwenye mabenchi, wakisubiri bei yao.

"Ulimi ulirudi," alisema. "Wale watu siwezi kuwarudia."

Jumatatu nilimweleza Winnie, meneja wetu. Hakunifokea. Alimkabidhi mwenzangu Hellen kaunta, mimi akanipeleka stoo ya mashuka. Siku za kwanza niliona aibu. Baadaye niliona usingizi tu.

Jumamosi Mzee Byabato alipita korido ya nyuma, penye stoo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula.

"Umesikia ladha?"

"Bado, baba."

Akaegemeza bakora yake ukutani, akashika ncha mbili za shuka nililokuwa nahangaika kulikunja peke yangu, akarudi nyuma hatua mbili, nalo likanyooka.