Kesi ya Nyama ya Soya

Nyangi alitafuna mara tatu, akaacha. Alimtazama mke wa mwanawe aliyekaa ng'ambo ya meza, akalitazama bakuli, akatafuna tena polepole, kwa shaka ya mtu aliyeuziwa ng'ombe kwa maneno matupu.

"Eucabeth, hii ni nyama ya nini?"

"Ni soya, Mama."

"Soya ya kuweka kwa uji?"

"Hiyo hiyo. Lakini hii wameitengeneza kama nyama."

Nyangi alimeza kwa adabu kwa sababu ndiyo kwanza afike, lakini moyoni alikuwa ameshachukia. Yeye ni Mkuria wa Kehancha, amezaliwa kwenye boma la ng'ombe na kuolewa kwenye boma la ng'ombe, na hakuwahi kudhani ataishi hadi siku ya kula nyama isiyowahi kutembea. Tena ilikuwa tamu. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Alikuwa amekuja Sindo, kando ya ziwa, ambako mwanawe wa kiume wa pekee, Ryoba, hutengeneza injini za boti, kwa kazi moja tu: kumtunza Eucabeth. Miaka minne hao wawili walingoja mtoto. Sasa mimba ilikuwa na miezi mitano, na kliniki walikuwa wamesema damu ya Eucabeth iko chini. Ilikuwa tisa, ilhali inatakiwa ifike angalau kumi na moja. Walimpa tembe za kuongeza damu wakamwambia arudi baada ya wiki nne. Ryoba alipompigia mama yake simu kumweleza, Nyangi alishindwa hata kumaliza kukama. Alifunga mzigo siku hiyo hiyo.

Na sasa, mlo wa kwanza tu, mwizi wa damu alikuwa ameshajulikana. Nyangi alimwona kwa macho yake, anaelea kwenye mchuzi wa nyanya.

"Mwanangu, nikuchinjie kuku basi," alisema kesho yake. "Au Ryoba alete maini. Kitu haina damu itawekea mtoto damu kutoka wapi?"

"Asante, Mama. Lakini mimi sijaonja nyama tangu nizaliwe. Kwetu Nyamira hatupiki. Baba ni mzee wa kanisa la Sabato, ametulea na maharagwe, mayai na maziwa, na tuko tisa."

Alisema kwa upole, bila kuinua sauti, na upole wa namna hiyo haugombaniki. Nyangi alijaribu samaki, akashukuriwa. Alijaribu supu ya mifupa, akashukuriwa tena. Kwa wiki nzima alishukuriwa mpaka akachoka.

Lakini mtu asije akafikiri waliishi kama paka na panya. Yalikuwapo mambo mawili waliyopatana vizuri sana. La kwanza ni chai. Nyangi hupika chai nzito, majani mengi, maziwa mengi, na kila Eucabeth alipomaliza kula alimkuta mkwewe amesimama na kikombe kinachofuka moshi. Eucabeth alikunywa chote. La pili ni odowa, yale mawe laini ya udongo wanayoyatafuna wajawazito. Nyangi alipitia soko la Migori akanunua mfuko mzima, mawe mazuri yenye harufu ya mvua ya kwanza. Asubuhi waliketi kizingitini, mmoja huku mwingine kule, wakitafuna na kucheka habari za majirani. Katika dakika hizo Nyangi alimpenda msichana huyu bila masharti, soya na yote.

Siku ya kliniki ilipofika, Nyangi alijitayarisha kama mtu anayekwenda mahakamani. Alichukua pakiti ya soya kutoka kabatini. Akachota mchuzi kidogo kutoka sufuriani, akautia kwenye kopo la majarini na kulifunga vizuri. Alitaka muuguzi aone mwenyewe, aseme mwenyewe, ili isionekane ni ugomvi wa mama mkwe.

Muuguzi aliitwa Phelesia, Mjaluo mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Alimtoboa Eucabeth kidole, akaenda, akarudi na uso usiosema kitu.

"Nane nukta saba. Imeshuka," alisema. "Tembe unameza kweli?"

"Kila siku, sista."

"Ikiendelea kushuka nitakutuma hospitali kubwa ya Homa Bay wakuangalie. Damu ikiwa kidogo, siku ya kuzaa ukimwaga hata kidogo tu inakuwa shida. Kwako na kwa mtoto."

Eucabeth aliweka mkono tumboni. Nyangi hakungoja kuulizwa. Aliweka pakiti mezani, akaweka na kopo kando yake.

"Daktari, shida ndiyo hii. Mwambie aache."

Phelesia alivaa miwani. Alisoma pakiti mbele na nyuma, akatafuta tarehe ya kuisha, akafungua kopo na kunusa.

"Hii mlipika lini?"

"Leo asubuhi."

"Na ikibaki?"

"Hatuna friji," Eucabeth alijibu. "Napika ya kuisha."

"Vizuri. Unaipika vipi?"

"Naichemsha mpaka iive kabisa, namwaga hayo maji, naosha, halafu naikaanga na nyanya."

"Vizuri tena. Nunua hii ya pakiti iliyofungwa, si ya kupimiwa kwa gunia, maana hiyo hujui imekaa wapi. Na uangalie chumvi, kuna nyingine wanajaza chumvi na masala, presha inapanda. Lakini soya si adui." Alimgeukia Nyangi. "Mama, hii ni chakula. Isiwe peke yake tu. Maharagwe, ndengu, mboga za kijani, mayai yaliyoiva, maziwa yaliyochemshwa. Anakula hivyo?"

"Anakula," Nyangi alikiri kwa shida. Kesi yake ilikuwa inamponyoka mikononi.

"Basi kuna kitu kingine. Ukimaliza kula unakunywa nini?"

"Chai."

"Hapo hapo?"

"Hapo hapo."

"Na tembe?"

"Namezea hiyo chai."

Phelesia alivuta pumzi ndefu. "Majani ya chai yanashika ile madini ya damu, mwili haiipati. Ungoje saa moja, hata mbili. Tembe umeze na maji, na ukiweza ukamulie ndimu kwa chakula. Umekunywa chai hivyo siku zote?"

"Hapana. Zamani sikuwa nakunywa chai ya majani kabisa." Eucabeth aliangalia chini. "Nilikuwa nimekataa nyama ya Mama, nimekataa samaki. Niliona aibu kukataa na chai."

Nyangi aliivuta pakiti ya soya kutoka mezani. Wiki zote hizo alikuwa akihesabu vikombe vile kuwa ushindi wake.

"Na udongo? Odowa unakula?"

"Kidogo."

"Kidogo ni ngapi? Niambie ukweli. Udongo pia unazuia damu, na una minyoo. Umeitoa wapi?"

"Nilinunua sokoni," Eucabeth alisema haraka.

Alidanganya. Huyu Msabato ambaye hadanganyi hata bei ya nyanya alikuwa amedanganya mbele ya muuguzi, tena kwa ajili ya nani? Nyangi angeweza kukaa kimya. Hakuna ambaye angejua. Wangerudi nyumbani, autupe ule mfuko, heshima yake ibaki palepale. Kiti alichokalia kilikuwa kizuri na mlango ulikuwa umefungwa.

"Si sokoni," alisema. "Ni mimi. Mimi nimemletea mfuko mzima kutoka Migori. Na chai ni mimi."

Phelesia hakumkemea. Labda angemkemea ingekuwa rahisi zaidi. Alisema tu kwamba wamama wengi huleta, kwa mapenzi.

"Mimi nilikula hiyo mimba zangu zote tatu," Nyangi akaendelea, na sauti haikuwa ile aliyoingia nayo. "Wa tatu nilimzaa nikapoteza fahamu. Nilipoamka walikuwa wameshamzika. Wakasema ni jicho la mtu. Daktari, ilikuwa hii?"

"Siwezi kukuambia ndiyo, Mama. Mtoto anaweza kufa kwa sababu nyingi, na mimi sikuwa huko."

"Hakuna mtu aliniambia."

"Najua."

Walirudi nyumbani kwa miguu, polepole. Nyangi alimwaga odowa yote chooni, mawe yakadunda chini moja moja. Kisha akaenda dukani kununua ndimu.

Kuanzia siku hiyo jiko lilikuwa lake. Alichemsha soya mpaka ikaiva sawasawa, akapika ndengu na mboga, akakamua ndimu juu ya kila kitu mpaka Ryoba akalalamika kwamba hata ugali una ndimu. Aliambiwa akale kwenye boti. Tembe aliziweka mwenyewe kiganjani mwa Eucabeth na glasi ya maji. Chai ilikuwa saa kumi, si dakika moja kabla, na hata hapo Eucabeth alipewa uji badala ya chai. Nyangi alikuwa na furaha ya mtu aliyepewa kazi anayoiweza.

Wiki nne baadaye Phelesia alirudi na karatasi, na safari hii uso ulisema.

"Kumi nukta tisa. Endeleeni hivyo hivyo."

Nyangi alicheka, kisha akalia papo hapo, machozi mengi yasiyo na adabu, akijifuta kwa ncha ya leso. Alilia kwa raha, na katikati ya raha kulikuwa na kitu kingine cha zamani sana. Eucabeth alimshika mkono wakatoka nje, wakaketi kwenye benchi chini ya kivuli cha paa.

"Mama," aliuliza, "yule wa tatu alikuwa msichana au mvulana?"

Miaka thelathini na moja, na hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo.

"Msichana," alisema Nyangi. "Alikuwa na nywele nyingi. Walininyima kumbeba, lakini kabla ya kuzimia niliziona nywele."