Meya Aliyeomba Ashindwe

Watu wa kulilia vyeo tumewaona, tena wamejaa tele. Lakini Firmin Delbreil, meya wa mji wa Montignargues kwa miaka thelathini na sita, alikuwa akiomba usiku na mchana ashindwe, na hakuwa na wa kumwambia.

Alijiponza mwenyewe kwa mdomo wake. Wenzake wa chama walimjia na chupa ya mvinyo, wakamlilia kwamba bila yeye watakufa kifo cha mende, na yeye, asiyejua kumkatalia mtu, akakubali kugombea mara ya mwisho. Alipomweleza mkewe, Huguette hakugombana naye. Aliendelea kumenya viazi.

"Ukishinda, mimi naenda kukaa kwa dada yangu, kule mjini Royan," alisema. "Sina hasira nawe, Firmin. Nimechoka kula meza moja na mume wa watu wote."

Angepiga kelele, Firmin angejua pa kumbembelezea. Huguette akisema kwa upole, ujue ameshaamua. Na kujitoa haikuwezekana tena, majina yalikwisha kupelekwa. Basi mzee wa watu akafanya kampeni ya ovyo makusudi: akasahau hotuba, akasinzia jukwaani, akawaambia wakulima kwamba bei ya maji itapanda tu. Watu wakazidi kumpenda, eti mzee mkweli. Jamani, mkosi gani huo!

Jumapili ya kura, adhuhuri, alimwachia naibu wake meza ya kupigia kura akaenda nyumbani kula. Akamkuta Gervais seremala na wenzake uani, wamekwisha kusimamisha msonobari mrefu uliobanduliwa maganda, wenye utepe wa bluu, mweupe na mwekundu, na kibao kilichoandikwa Heshima kwa Mteule Wetu. Kwao ndivyo mteule anavyopongezwa, naye huwanywesha waliousimamisha. Na mlingoti huo ukishasimama haung'olewi mpaka uoze wenyewe. Lakini husimamishwa baada ya kura, si kabla.

"Gervais, watu bado wanapiga kura," Firmin alisema.

"Aa, mzee, wewe si tunakujua? Tumewahi tu, jioni kuna raga kwenye runinga."

Huguette aliutazama mlingoti kupitia dirishani, kisha akavuta pazia. Siku hiyo Firmin hakula. Supu ya kitunguu saumu ilipoa mbele yake mpaka akaondoka.

Jioni ukumbi wa manispaa ulifurika. Bahasha zilifunguliwa mbele ya macho ya watu wote, na kwa kuwa yeye ndiye aliyesimamia kura, ilimpasa meya mwenyewe kusoma matokeo. Alipewa karatasi, akaisoma kimoyomoyo, akairudia. Mpinzani wake Mireille Castang, mwalimu wa hisabati aliyekuwa naibu wake kabla hawajakosana juu ya bwawa la kuogelea, alikuwa amempita. Si kwa mbali, lakini kupitwa ni kupitwa.

Akasoma kwa sauti. Alipofika kwenye jina la Castang, machozi yakamtiririka. Furaha ilimbana mpaka akaishika meza asianguke. Ukumbi mzima uliingiwa na huruma, na hata waliompigia Castang wakaanza kutafuta leso. Mama muuza jibini, aliyemsema vibaya sokoni miaka nenda miaka rudi, alimkumbatia akilaani watu wasio na shukrani. Gervais alikuja kofia mkononi, akisema nuksi ni yake yeye aliyekimbilia kusimamisha mlingoti. Firmin alimbusu mashavu yote mawili, na maskini Gervais akazidi kulia.

Huguette alipenya katikati ya watu, akamshika mkono mumewe. Alimtazama machoni mara moja tu, akajua.

"Lia, mume wangu," alimnong'oneza. "Lia vizuri, wasije wakatushtukia."

Hapo Castang naye akasogea, macho mekundu. Alitangaza mbele ya watu kwamba ugomvi wao umekwisha, kwamba hawezi kuanza kazi bila busara za mzee, na kwamba atampa ofisi karibu na yake ili awe mshauri wake, kila siku asubuhi. Watu wakapiga makofi. Firmin alifungua mdomo, na kwa jinsi alivyo, angekubali tu.

Huguette alimtangulia. "Ahsante, Mama Meya," alisema, "lakini huyu ana mwenyewe."